Mashetani wa Mzee Fidencio

Jumatano, 20 Agosti

Leo nimefanya lile ninalowachukia watu wakinifanyia mimi.

Kwenye lifti alikuwemo mwanamke mweusi, wa makamo, kabeba mifuko ya ndizi mbichi. Nikafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu. "Habari za saa hizi, dada? Wa nyumbani wewe?" Akatabasamu, akaniambia kwa Kiingereza kwamba lugha hiyo haijui. Nikamuuliza anatoka nchi gani ya Afrika.

"Natoka Meksiko."

Nikacheka! Nilidhani ananitania. "Lakini asili yako hasa?"

Akanitazama wakati lifti inapanda, hana haraka. "Meksiko. Na wewe?"

"Tanzania."

"Lakini asili yako hasa?"

Mlango ukafunguka, akatoka na ndizi zake. Kumbe tunakaa ghorofa moja. Mimi Masuma, mwenye sura ya Kihindi lakini mzaliwa wa Tanga, mama yangu wa Tanga, bibi yangu kalala makaburini Tanga, nimeulizwa swali hilo hapa Toronto na kila kiumbe, kuanzia daktari wa meno hadi mkata tiketi, na kila mara narudi nyumbani nimefura kwa hasira. Leo nimelitoa mimi kinywani mwangu.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimempelekea mihogo ya nazi. Anaitwa Eulalia. Anapika katika nyumba ya kutunzia wazee. Amekula, akasema kwao nao wanakula mihogo. Hakutaja habari ya lifti, nami sikuitaja.

Ijumaa, 29 Agosti

Joto. Duka la dawa ninakofanya kazi lilijaa watu mchana kutwa, miguu inawaka moto. Sina la kuandika.

Jumapili, 7 Septemba

Eulalia amekuja kunywa chai. Mume wangu Mohamedtaki alisalimia, akarudi kwenye taarifa yake ya habari. Tangu astaafu uhasibu anafuatilia vita vya dunia nzima, ila jirani wa mlango wa tatu hamjui.

Eulalia anatoka mji unaoitwa Cuajinicuilapa, katika jimbo la Guerrero, upande wa bahari ya Pasifiki. Amenifundisha kulitamka jina hilo hadi ulimi ukachoka. Anasema mji wao wote ni weusi, na miji ya jirani pia. Wazee wao waliletwa na Wahispania kama watumwa miaka mia nne iliyopita, kuchunga ng'ombe na kukata miwa. Mimi nimesoma hadi kidato cha sita na sikuwahi kusikia kwamba kuna Wameksiko weusi.

"Usijilaumu," akasema. "Hata Wameksiko wenzangu hawajasikia."

Baba yake, Mzee Fidencio, alifariki mwezi wa sita. Eulalia hakwenda kumzika. Maombi yake ya ukaazi bado hayajajibiwa. Akitoka Kanada harudi. Aliyaona mazishi kwenye simu, akiwa amesimama jikoni kwa wazee wa watu, huku supu inachemka.

Mzee huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa mashetani. Nilishtuka, akacheka. Ni ngoma. Mwanzoni mwa Novemba, siku ambazo Wameksiko wanapokea roho za marehemu wao, wanaume wa mji wake huvaa vinyago vyenye pembe na ndevu za singa za farasi, wakacheza mitaani wakikanyaga ardhi kwa kishindo. Wanawaleta wafu nyumbani. Mzee Fidencio aliwaongoza tangu Eulalia akiwa mtoto. Na mwaka huu mfu ni yeye.

"Nataka achezewe na mimi nikiwepo," akasema. "Na kwa kuwa siwezi kwenda, itabidi achezewe huku."

Binamu yake Crescencio na vijana wengine wa mji huo wanavuna nyanya kwenye mashamba ya Leamington, mwendo wa saa kadhaa kwa gari kutoka hapa. Wanakuja kila mwaka kwa mkataba. Ndege ya kuwarudisha ni baada ya tarehe mosi Novemba. Wote wanajua kucheza.

Sisi Mashia tukiambiwa mtu anataka kuomboleza, hatuulizi kwa nini. Nikamwambia nitamsaidia.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika haya hata koti sijavua.

Chama kimoja cha Wameksiko cha hapa mjini kiliandaa sherehe ya uhuru wao, Eulalia akanialika. Bendera kila mahali, chakula kitamu, watoto wamevaa mavazi ya asili. Mlangoni tukapokewa na mwenyekiti, Bi Graciela, mwanamke nadhifu mwenye sauti laini. Akatushika mikono. "Karibuni sana! Tunafurahi kupata wageni kutoka Afrika."

Eulalia akamjibu kwa Kihispania. Bi Graciela akampongeza: anaongea vizuri sana, amejifunzia wapi?

Nilidhani hilo ndilo baya la siku. Tukakaa meza moja na bwana mmoja mnene mwenye vicheko. Eulalia alipomwambia kwao ni Guerrero, yule bwana akagonga meza. "Basi tuimbie wimbo wa taifa! Ukiumaliza nitakuamini." Meza nzima ikacheka. Eulalia akaweka uma chini, akafuta mdomo, akainuka. Nikamfuata na koti lake.

Ndani ya basi ndipo aliponieleza. Kaka yake, Abundio, alikuwa safarini ndani ya nchi yake mwenyewe, anatafuta kazi kaskazini. Watu wenye sare wakasimamisha basi, wakamshusha yeye peke yake. Vitambulisho vyake wakasema ni vya bandia. Wakamwamuru aimbe wimbo wa taifa. Akasimama kando ya barabara, mtu mzima, baba wa watoto, akauimba wote. Walipomaliza kumsikiliza wakasema amekariri vizuri, wageni wote siku hizi wanaukariri. Wakamfungia siku kadhaa pamoja na watu wa kurudishwa makwao.

"Kwao wapi?" nikauliza.

"Hilo ndilo waliloshindwa kumweleza."

Na yule bwana mnene anacheka!

Jumatatu, 15 Septemba

Eulalia amemwandikia Bi Graciela kuomba nafasi ya ngoma kwenye sherehe yao ya wafu, tarehe mosi Novemba. Mimi nisingeandika. Yeye anasema wana ukumbi, wana jukwaa, na ni watu wake.

Jumanne, 23 Septemba

Mvua. Hakuna jibu.

Jumapili, 28 Septemba

Eulalia ametuletea tamale, unga wa mahindi na kuku uliofungwa kwenye majani ya mgomba. Kuku alimnunua kwa mchinjaji wetu ili tuweze kula. Nani mwingine katika jengo hili amewahi kunifikiria hivyo?

Wifi yangu Zahraa alikuwa amekuja kutoka Vaughan. Tukala wote. Eulalia alipokwenda kunawa, Zahraa akaniuliza kwa Kikachi, lugha ya wazee wetu, tangu lini tunakula meza moja na mfanyakazi, akamwita kwa lile neno letu la nyumbani la kuwaitia watu weusi. Neno hilo sitaliandika hapa. Kisha akainua sahani ya Eulalia kwa vidole viwili, akaiweka peke yake kando ya sinki.

Nikamjibu, "Si mfanyakazi, ni jirani." Kana kwamba kosa lake lilikuwa hilo tu! Mohamedtaki akakodolea televisheni macho. Eulalia akarudi, akaaga, akashukuru.

Zahraa naye kazaliwa Tanga. Kanyonyeshwa Tanga.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimeumwa kichwa. Mohamedtaki kauliza chakula kiko wapi. Nikamwambia jikoni.

Jumanne, 7 Oktoba

Jibu limekuja. Eulalia kanisomea kwenye simu yake, maneno matamu kama kashata. Wanashukuru sana. Wanaheshimu tamaduni zote. Ila sherehe ya Novemba ni ya utamaduni wa Kimeksiko, na ngoma hii ingependeza zaidi mwezi wa Februari, ambapo watu hapa huadhimisha historia ya Weusi.

Februari! Waambieni basi marehemu wapange foleni hadi Februari.

Alhamisi, 16 Oktoba

Tumekwenda wenyewe kwenye kikao chao. Nimevaa buibui langu zuri na viatu vya kisigino, ili wajue sikuja kuomba.

Bi Graciela alitukaribisha kahawa. Akasema tusimwelewe vibaya. Meksiko hakuna mambo ya rangi. Wenyeji wa asili na Wahispania walichanganyika, wakawa taifa moja, ndiyo fahari yao.

"Na wale wengine?" Eulalia akauliza. "Walioshushwa bandarini Veracruz kwa minyororo?"

"Walikuwepo, zamani. Wakayeyuka katika wote."

"Mimi sijayeyuka."

Nilitamani kupiga makofi.

"Jimbo letu linaitwa Guerrero," Eulalia akaendelea, wala hakupandisha sauti. "Ni jina la rais aliyefuta utumwa, na alikuwa na damu ya Afrika. Hayo umeyasoma wewe, nimeyasoma mimi. Darasani kwetu picha yake ilichorwa nyeupe. Baba yangu alitushika mkono akatupeleka mbele ya kioo, akasema, rais alifanana na ninyi. Baba huyo ndiye ninayetaka kumchezea."

Bi Graciela akanigeukia mimi, nadhani kutafuta msaada. "Na wewe mama, kama Mhindi, unaelewa jinsi ilivyo muhimu kulinda mila halisi."

"Mimi ni Mtanzania."

"Ndiyo, ndiyo. Lakini—"

"Hakuna lakini, dada. Tanzania."

Mwisho wakatoa kile walichokiita suluhisho. Ngoma ichezwe, ila nje, kwenye maegesho ya magari, wakati wageni wanaingia, na kwenye ratiba iandikwe "Salamu kutoka Afrika". Nikasimama ili tuondoke. Eulalia hakusimama. Akasema atafikiri.

Ijumaa, 17 Oktoba

Tumegombana.

Nilimwambia hana haki ya kukubali. Nilisema mengi, nilisimama, nilipunga mikono. Akaendelea kumenya viazi mpaka nikaishiwa pumzi.

"Vijana wana Jumamosi moja tu," akasema. "Kisha wanaondoka. Wewe una hasira, Masuma. Mimi nina baba."

"Watamwita Mwafrika!"

"Na hasira yako inachagua. Umemfokea Graciela ndani ya ukumbi wake. Wifi yako alipoinua sahani yangu, ndani ya nyumba yako, ulisema nini?"

Nikamwambia hakuelewa yaliyosemwa, yalikuwa ya Kikachi.

"Maneno sikuyaelewa. Sahani niliielewa."

Nikachukua viatu vyangu nikatoka. Sikuvivaa hata, nikatembea korido nzima kwa soksi.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimempigia Zahraa. Nilianza kwa upole, nikamwambia alilosema ni haramu na ni uchafu, na aje amwombe Eulalia radhi.

"Haya, bhabhi, wifi yangu, mambo madogo hayo. Sisi wote tunasema hivyo, wewe pia umelelewa nalo."

"Nimelelewa nalo, ndiyo. Na hutaingia kwangu mpaka umwombe radhi."

Akakata simu. Mohamedtaki alikuwa kasimama mlangoni. "Umemfukuza dada yangu kwa ajili ya mtu wa Meksiko?"

"Kwa ajili ya mgeni aliyekula kwetu."

Hajasema nami neno tangu hapo. Sawa.

Jumanne, 21 Oktoba

Eulalia alinigongea jioni. Hakuomba radhi, nami sikuomba. Nikamwambia kuhusu simu ya Zahraa. Akanishika bega kidogo, basi.

Kisha tukampigia Crescencio huko Leamington, sauti ikiwa wazi ili nami nisikie, Eulalia akinitafsiria. Alimweleza juu ya maegesho na juu ya jina la kwenye ratiba. Ikasikika mitambo ya shamba nyuma yake, halafu akauliza, "Watasema sisi ni wa wapi?"

"Afrika."

"Hapana, binamu. Mjomba hakuwahi kufika Afrika. Akija atatutafuta kwa jina letu."

Eulalia akamwandikia Bi Graciela hapohapo. Neno moja: hapana. Nililiona mwenyewe.

Sasa tunacho kila kitu isipokuwa mahali.

Ijumaa, 24 Oktoba

Ofisi ya jengo imenikatalia chumba cha sherehe. Kelele, bima, kanuni. Nilirudi nikabamiza kabati zote.

Mohamedtaki akazima televisheni. Ni mara ya kwanza wiki hii kuisikia sauti yake. "Unakumbuka nyumba yetu ya Tanga?"

Naikumbuka kwa kusimuliwa. Mwaka sabini na moja serikali ilipotaifisha majengo, nyumba yao ilichukuliwa. Yeye alikuwa mtoto.

"Nyumba ilinyang'anywa, haya, ilikuwa sheria, na walikuwepo waliolala nje. Baba alilimeza. Ila yule karani alipokuwa anaondoka alimwambia, 'Mzee, si urudi kwenu tu?' Baba akakaa ngazini. Alikaa pale mpaka mama akaja kumwinua." Akavaa viatu. "Dada yangu amekosea. Nilisikia siku ile, nikajifanya kutazama mpira."

Akashuka kumwona Nasrudin, msimamizi wa jengo, ambaye husali Ijumaa karibu naye. Wakarudi wote wawili wakicheka. Uwanja wa nyuma, palipo na mabembea yaliyoharibika, hauhesabiwi kuwa ukumbi. Hakuna kanuni ya kuukataza. Tusiwashe moto, na tumalize kabla jua halijatua.

Jumatatu, 27 Oktoba

Ngoma hii inataka utaya wa punda uliokauka, ambao meno yake hucheza na kulia ukiugonga. Punda hatuna. Mchinjaji wetu hapa mtaani Thorncliffe kanipa utaya wa ng'ombe bila kuuliza chochote, mtu mwema sana. Nimeuchemsha katika sufuria yangu ya pilau. Nyumba nzima inanuka. Mohamedtaki kafungua madirisha yote na kukaa amevaa koti.

Alhamisi, 30 Oktoba

Baridi kali. Eulalia anatengeneza maua ya karatasi ya rangi ya chungwa, kwa sababu yale halisi yameisha madukani. Yanafanana na yale ambayo Wahindu wa Tanga walivishana harusini. Nimekata karatasi hadi vidole vimevimba.

Jumamosi, 1 Novemba

Mvua nyepesi tangu asubuhi. Gari la vijana lilichelewa, Eulalia akawa anazunguka uwanja kama mama mwenye mtoto mgonjwa. Hatimaye wakashuka, wanaume weusi, wafupi, wenye mikono iliyochubuka kwa kazi, wakatusalimia kwa haya. Wakaingia nyuma ya mapipa ya taka kuvaa. Walipotoka, nilirudi nyuma hatua mbili na huku najua ni nani.

Vinyago walivikata kwa maboksi ya nyanya. Pembe walitengeneza kwa mipira ya maji, ndevu kwa nyuzi za kupigia deki. Mmoja alikuwa na ndoo iliyowambwa ngozi, na fimbo katikati. Akiisugua, inanguruma tumboni mwako. Mwingine alipuliza kinanda cha mdomo. Crescencio alishika utaya wangu wa ng'ombe.

Wakainama, wakaanza kukanyaga. Lami ya Thorncliffe ikalia. Watu wakatokea kwenye roshani, ghorofa baada ya ghorofa, Waafghani, Wapakistani, Wafilipino, kisha wakaanza kushuka wakiwa wamejifunika mablanketi. Mmoja wa vijana alivaa kama mwanamke, kabeba mwanasesere, anakimbiza wanaume kuwataka wamkubali mtoto. Ndivyo ngoma ilivyo. Akamchagua Mohamedtaki! Mume wangu, mhasibu mstaafu, alikimbia kuzunguka bembea akipiga kelele, "Si wangu! Wallahi si wangu!" Sijamwona akicheka vile tangu mwanetu Wasi alipohama.

Eulalia hakucheka wala kulia. Alisimama kando ya meza yenye picha ya baba yake, maua, ndizi na kikombe cha kahawa. Ngoma ilipokaza, akaingia katikati, wanawake hawaingii, lakini akaingia, akakanyaga pamoja nao, na Crescencio akamwachia mbele. Nadhani ndipo mzee alipofika. Mimi si Mkatoliki, wala sijui mambo hayo. Naandika nilivyoona uso wake.

Kabla ya jua kutua wakavua vinyago. Mohamedtaki akasimama mbele ya ile picha akasoma Fatiha. Sikumuuliza.

Jumatatu, 3 Novemba

Mtu alipiga video siku ile. Leo imewekwa kwenye ukurasa wa kile chama cha Bi Graciela. Juu yake wameandika: "Urithi wetu wa Kimeksiko, ulio hai Toronto." Urithi WETU! Hakuna jina la Eulalia, la mji, la mzee. Nimepiga meza mpaka chai imemwagika.

Eulalia aliitazama mara nyingi. "Wameandika wetu," akasema.

"Wamekuibia!"

"Wameandika wetu, Masuma. Subiri kidogo."

Kisha akaandika chini yake: "Ngoma ya mashetani ya Cuajinicuilapa, Guerrero. Kwa kumbukumbu ya Fidencio Petatán Noyola, baba yangu, mkuu wa mashetani."

Baada ya chai nikafungua tena. Maneno yake yamefutwa.

Jumanne, 4 Novemba

Kaandika tena. Wakafuta tena. Nikaandika mimi, kwa Kiswahili, jina lote la mzee. Mohamedtaki akaandika, kakosea herufi, karudia. Crescencio na wenzake wakaandika wakiwa shambani. Abundio, yule kaka aliyeimbishwa wimbo wa taifa, akaandika kutoka Meksiko. Jioni mji wao mzima ulikuwa umeamka: shangazi, walimu wa shule, padri, watoto aliowafundisha kucheza. Fidencio Petatán Noyola. Fidencio Petatán Noyola. Ukurasa ule ulikuwa hauna kitu kingine. Nilishusha kidole mpaka kikachoka na jina lilikuwa bado linakuja.

Nasrudin naye kaandika. Hata hakuwahi kumjua.

Alhamisi, 6 Novemba

Bi Graciela amempigia Eulalia. Nilikuwa nimekaa palepale, nimejiandaa. Tangu Septemba nimekusanya maneno ya kumwambia mwanamke yule, na mengine ni makali kiasi kwamba ningehitaji kutubu baadaye. Nilinyoosha mkono nipewe simu. Eulalia akanigeuzia mgongo.

Waliongea Kihispania muda mrefu. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Mwishoni akawa anataja herufi mojamoja, polepole kama anavyowalisha wale wazee wake. Akarudia. Kisha akasikiliza, akasema "hapana," akataja tena herufi moja.

Alipokata nikamuuliza yule mwanamke alitaka nini.

"Jina kamili la baba, waliandike juu ya video. Na jina la mji."

"Ameomba radhi?"

"Hapana."

"Na wewe ukampa tu!"

"Nilimtajia. Halafu nikamwambia anisomee alichoandika." Akafungua jokofu, akatoa vitunguu, akanipa kisu. "Mara ya kwanza alikuwa amekosea."